ETI "NIMEKUOSHEA CHUPA"! Leo silali mpaka niyatoe

Kisoda:
Wakuu, mkiona herufi zimerukwa mjue ni mikono inatetemeka. Yule mama. Simtaji, na hakuna haja ya kumtaja. Aliyewahi kukanyaga Columbus, huku Marekani, hata kwa kubadilisha basi anamjua. Huyo huyo. Kila shughuli yupo, kila jiko ni lake.

Leo saa kumi jioni kagonga, nikamfungulia, nikapanda juu kumbadilisha mtoto nguo. Dakika kumi tu! Nateremka namkuta kwenye sinki langu, povu hadi viwikoni, birika limechemka, na mkononi kashika chupa tupu, nyeupe, inang'aa kama imetoka kiwandani leo. Ananitabasamia.

"Mwanangu, nimekuoshea chupa."

NIMEKUOSHEA CHUPA!

Chupa gani? Chupa ya dawa ya mchawi, ya Halloween, niliyoihangaikia siku NNE. Keshokutwa ndiyo tarehe 31, watoto wa mtaa mzima watapita kugonga milango wakiomba peremende, na ile chupa ilikuwa ikae barazani kwangu pembeni ya bakuli.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa, maana haipo tena. Chupa ya siki yenye shingo ndefu. Nikailoweka kwenye maji ya moto na sabuni mpaka lebo ya dukani ikatoka, unatounato uliobaki nikausugua kwa mafuta ya kupikia, nikapitisha spiriti. Nikachukua bunduki ya gundi ya moto, nikamchora nyoka anayejizungusha shingoni, magamba nikadondosha tone moja moja, na chini mizizi imeikumbatia chupa kama mkono wa kizee. Ubavu mmoja nikauacha wazi ili maji yaonekane. Nikapaka rangi nyeusi kote kwingine, ikakauka usiku kucha, asubuhi nikachovya kidole kwenye rangi ya dhahabu nikawa napitisha juu juu tu, yale magamba yakaibuka. Vidole viwili nimeungua, malengelenge haya hapa.

Ndani nikatia maji ya toniki, yale machungu ya kwinini. Ukiyamulika kwa taa ya zambarau ya kwenye kumbi za disko yanawaka bluu yenyewe, kwinini ndiyo inayofanya hivyo. Nikanyunyizia na vumbi la kumetameta.

Na lebo. Jamani lebo! Karatasi nikaichovya kwenye chai ya rangi ili ionekane ya kale, kingo nikaziunguza kwa mshumaa, halafu binti yangu wa miaka sita akaandika kwa mkono wake MATE YA CHURA. Herufi R imegeukia nyuma. Kaiandika katoa ulimi nje, hapumui.

Nikamuuliza, "Mama, na ile karatasi iko wapi?" Anajibu kwa huruma kabisa: "Ilikuwa imemwagikiwa chai, mwanangu. Na moto ulishaishika." Na maji? "Yalikuwa yamechacha, yana vidudu vinang'aa."

Nyoka nimemkuta kwenye chujio la sinki. Kabanduka mzima mzima kama gamba, upande mweusi, upande mweupe. NIMEKUOSHEA CHUPA! Siku nne! Nani kamtuma?

MlaMihogo:
Pole. Ila mkuu, mtu mzima siku nne unapika dawa ya mchawi? Sumbawanga wangekumalizia kwa dakika tano, na kibuyu juu.

BintiTanga:
"Moto ulishaishika" 😂😂 nimecheka mpaka nimemwamsha mume wangu. Huyo mama ni yeye kabisa, nimeisikia sauti yake.

Kisoda:
BintiTanga usicheke, mtoto hajajua bado! Kalala anajua chura wake yuko kabatini.

Randa na Msumeno:
Tatizo ni lako. Gundi ya moto haishiki vizuri kwenye kioo laini. Ungepiga msasa kwanza. Hata asingeiosha, ungeiweka nje kwenye baridi ya huko ingebanduka.

Kisoda:
Nilipitisha SPIRITI, soma vizuri! Ilishika! Kaichemshia maji ya birika, gundi yoyote ya moto ukiimwagia maji ya moto si inalegea? Halafu anasimama na povu lake anatabasamu. "Nimekuoshea chupa."

Mzee wa Mbuyuni:
Mambo ya mashetani hayo, shukuruni yameoshwa.

Kokoto:
Mzee, ni sikukuu ya watu wa Ireland walihamia nayo Marekani. Kwao walikuwa wanachonga tanipu, ile mboga ya mizizi, huku wakakuta maboga. Uzi huu si wa dini.

mama_wawili:
Mimi alikuja kumwona mtoto mchanga, akanipangia kabati. Miezi mitano sasa sijaliona chujio la chai. Nachuja kwa kitambaa.

Kokoto:
Kwangu alipunguza pazia! Kaja na mkasi wake kwenye mkoba. Sasa nikikaa sebuleni jirani ananiona magoti.

Jirani Mwema:
Kisoda, hiyo chupa ina mpini? Mimi aliondoka na chupa yangu ya chai siku ya hitima, nyekundu, lita mbili. Nikimuuliza anasema "ipo salama".

Kisoda:
Si chupa ya chai, ni ya MATE YA CHURA.

MlaMihogo:
Chai ya aina gani hiyo 😂

mama_wawili:
Jirani Mwema, chupa za chai kwake ziko kama tisa, nimeziona kwa macho yangu juu ya jokofu. Na sufuria langu la pilau lipo, lina denti ubavuni, nalijua.

Randa na Msumeno:
Sufuria gani, lile kubwa la vishikio viwili? Hilo la kwetu. Tulilitoa harusini kwa dada yangu.

mama_wawili:
La kwenu lina denti? Mimi langu niliangusha ngazini mwenyewe.

Kisoda:
Wakuu turudi kwenye chupa. Mtoto kaamka kunywa maji, kafungua kabati, kaniuliza, "Mama, chura kaenda wapi?" Nimekosa la kumwambia. Nimempakata, karatasi nyingine ipo kwenye chai hapa inaloa. Ila ile R hatairudia, shuleni wameshamrekebisha.

BintiTanga:
Oo jamani. Hapo sasa umenigusa. Chukua gundi nyingine, mfanye nyoka na mtoto pamoja, chupa angalau ni safi.

Kisoda:
USINIAMBIE NI SAFI!

Jirani Mwema:
mama_wawili, hapo juu ya jokofu kuna nyekundu yenye maua meupe?

mama_wawili:
Ipo. Haina kifuniko.

Kokoto:
Subirini. Kifuniko cha kubonyeza, chekundu, kimepasuka kidogo pembeni? Kaniletea mimi mwezi wa sita, kasema nilikisahau kwake. Nimekiweka tu, sina hata chupa.

Jirani Mwema:
NDICHO! Nilikipasua mimi! Uko upande gani wa mji, nakuja sasa hivi.

Kokoto:
Saa hizi usiku, njoo kesho baada ya kazi. Ukipitia kwake kuchukua chupa, niangalizie deli la njano.