Mzee aliyekaa juu ya benki

Kikundi: UKOO WETU TANGA

[19:42] Mama Latifa: Asalaam alaykum nyote. Latifa karudi na daftari la Kiingereza, analia. Sentensi ilikuwa "The old man sat on the bank and washed his feet." Yeye kaandika "Mzee alikaa juu ya benki akaosha miguu." Imepigwa kosa.

[19:44] Kaka Idi: Waalaykum salaam. Hapo ni ukingo wa mto, dada. Benki ya pesa ni neno jingine kabisa, yamegongana matamshi tu.

[19:53] Babu Mwalimu: Idi mjukuu wangu, hayakugongana. Ni ndugu. Asili yake ni neno la kale la Kijermaniki, lugha iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, la kitu kilichoinuka, kama tuta au kikalio. Watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza ndio walioacha "bank" ya mto. Tawi jingine likaingia Italia likawa "banca", benchi au meza ya mvunja fedha. Likapita Ufaransa, Waingereza wakalipokea mara ya pili, safari hii likiwa na pesa.

[19:54] Kaka Idi: Kumbe! Yaani benki na benchi??

[19:55] Babu Mwalimu: Ukoo mmoja, nasi tumeyapokea yote mawili. Kufilisika Waitaliano walikuita "banca rotta", benchi limevunjika. Ndiyo "bankrupt" ya Waingereza.

[19:58] Bibi: Na muflisi wetu?

[20:01] Babu Mwalimu: Kiarabu, bibie. Mzizi mmoja na fulusi. Alikuwa na dirhamu za fedha, sasa kabakiwa na fulusi za shaba.

[20:02] Bibi: Masikini wa Mungu.

[20:06] Shangazi Zai: Ndiyo nashika simu, nimetoka zamu. Sisi hospitali tuna benki ya damu. Jina hilo lilitoka kwa daktari Bernard Fantus, hospitali ya Cook County, Chicago, 1937. Damu inawekwa kwanza, inamngoja mwenye shida. Kabla ya hapo mara nyingi mtoaji alitafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Mimi jina hilo nalipenda sana, maana kazini naona akiba hiyo inavyorudisha watu.

[20:07] Mama Latifa: Allah akuzidishie, wifi.

[20:09] Baba Latifa: Hata rubani akilaza ndege ubavu kukata kona, wanasema "bank".

[20:15] Bibi: Mbona na sisi tuna fungu. Fungu la nyanya sokoni, fungu la urithi, na fungu la baharini.

[20:17] Babu Mwalimu: Umenena. Na hilo la baharini, tuta la mchanga, Waingereza huliita "sandbank". Kama Maziwe kule Pangani, maji yakijaa hulioni.

[20:20] Mama Latifa: Latifa yuko hapa anasoma. Anauliza, angejuaje kama ni mto na haukutajwa?

[20:22] Babu Mwalimu: Swali zuri sana hilo. Mwambie atazame miguu. Imeoshwa, basi maji yapo hapo hapo. Aandike "Mzee alikaa ukingoni mwa mto akaosha miguu."

[20:29] Mama Latifa: Kaandika, kanyamaza sasa. Ila anauliza, tukienda Maziwe akakaa kwenye fungu, naye atakuwa kakaa "on the bank"?

[20:30] Babu Mwalimu: Atakuwa kakaa. Mwangalieni tu maji yakianza kujaa.