Je, nibadilishe risiva yangu ya zamani ya hom thieta baada ya kununua runinga ya 4K?

Mwanaiyunga (Mbeya)

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Sebuleni kwangu hapa Iyunga nina risiva ya hom thieta (kifaa kinachopokea sauti na picha na kuendesha spika) ya chaneli 5.1 iliyotengenezwa mwaka 2008, yenye HDMI (tundu la waya mmoja wa picha na sauti) ya toleo la 1.3, pamoja na spika zake tano na sabufa, yaani spika ya besi. Imenitumikia vizuri kwa miaka yote hiyo. Hivi karibuni nimenunua runinga ya 4K, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Kisanduku cha filamu za intaneti nikikipitisha kwenye risiva, runinga hupokea picha ya 1080p tu, ambayo si kali kama ya 4K. Nikikichomeka moja kwa moja kwenye runinga, picha huwa ya 4K lakini sauti hutoka kwenye spika ndogo za runinga yenyewe. Nimejaribu pia tundu la HDMI la runinga lililoandikwa ARC, linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva, ila risiva haikutoa sauti yoyote. Zaidi ya hayo, spika ya mbele ya kushoto hukata ninaposikiliza kwa sauti ya chini, kisha hurudi nikiongeza.

Mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa ameniambia kwamba risiva hii imepitwa na wakati, hivyo ninunue mpya yenye Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka hadi juu ya msikilizaji. Ninayo akiba inayokaribia milioni mbili, na ununuzi huo ungeimaliza karibu yote. Je, ipo sababu ya kweli ya kubadilisha?

Fundi wa Mlandege (Iringa)

Ndugu Mwanaiyunga, una matatizo mawili tofauti, na ni vema yasichanganywe, kwa sababu moja ni la namna ya kuunganisha vifaa na jingine ni la ubovu ndani ya kifaa au spika.

Tuanze na picha. HDMI 1.3 ilitoka mwaka 2006, wakati ambapo 4K haikuwa imefika majumbani, kwa hiyo risiva yako haiwezi kuipitisha hata ukinunua waya wa bei kubwa kiasi gani. ARC nayo ilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2009, na ndiyo maana tundu lile halikukupa sauti. Lakini nani amesema picha ni lazima ipite kwenye risiva? Chomeka kisanduku, king'amuzi na vifaa vingine vyote kwenye runinga, kisha utoe sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye risiva kwa waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga mwekundu. Tazama nyuma ya runinga kama tundu lake lipo, halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague Dolby Digital au "bitstream" (sauti iliyobanwa ambayo risiva huifungua yenyewe) badala ya PCM (sauti isiyobanwa), kwa sababu ukiacha PCM, waya huo utabeba chaneli mbili tu. Ukishafanya hivyo utapata 5.1 kamili, na picha yako itabaki ya 4K.

Mpaka wa waya huo nao uufahamu. Haubebi Dolby TrueHD wala DTS-HD Master Audio, ambazo ni sauti zisizopunguzwa zinazopatikana kwenye diski za Blu-ray, na haubebi Atmos. Filamu zilizowekwa kwenye flashi zikiwa na sauti ya DTS, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, zinaweza pia kukusumbua, kwa kuwa baadhi ya runinga mpya haziipitishi. Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari, mpira na filamu za intaneti, sioni kwamba hasara hiyo ina uzito wa milioni mbili.

Sasa tatizo la pili. Spika inayokata kwenye sauti ya chini na kurudi ukiongeza, mara nyingi chanzo chake ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kutolea sauti ambayo vigusio vyake vimeingia kutu au uchafu: mkondo mdogo wa umeme unashindwa kupenya, mkubwa unapenya. Kwanza badilishana waya za spika ya kushoto na ya kulia, risiva ikiwa imezimwa. Kasoro ikihamia upande wa kulia, ugonjwa uko ndani ya risiva. Ikibaki kushoto, kagua spika na waya wake. Kubadilisha rilei ni kazi ndogo kwa fundi mwenye uzoefu. Akishaifungua, mwombe akague kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) za sehemu ya umeme, kwa maana baada ya miaka mingi hukauka, hasa pale joto linapokuwa kali. Tafadhali usiifungue wewe mwenyewe, kwa sababu kapasita hizo hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Dada wa Ramadhani (Njombe)

Ninakubaliana na fundi kuhusu waya, ila ningependa kuongeza jambo ambalo wauzaji hulisahau. Kinachobadilisha sauti ya sebuleni kuliko yote ni spika na chumba. Nyumba zetu nyingi huku zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na vioo vipana, hivyo sauti hugonga kila upande na maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri hata ukiwa na risiva ya gharama. Zulia zito, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hutuliza mwangwi huo, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba utavihitaji kwa vyovyote vile.

Nguvu pia isikudanganye. Ukitoka wati 50 kwenda wati 100 kwa spika zilezile, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo kwa sikio ni ndogo. Ili usikie sauti imekuwa maradufu, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu. Na ule mzunguko unaokuza sauti haujabadilika sana tangu mwaka 2008. Kilichobadilika ni HDMI na aina za sauti zinazosomwa.

Mkazi wa Makambako

Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Ikiwa unazo diski za Blu-ray, au unapanga kuongeza spika za juu kwa ajili ya Atmos, risiva mpya yenye eARC ina maana, kwa kuwa eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hupitisha sauti zote alizozitaja fundi kwa waya mmoja. Bila spika hizo za juu, nembo ya Atmos kwenye boksi haitakusaidia sana.

Ukiamua kununua iliyotumika, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Risiva zilizotoka Japani nyingi ni za volti 100 na za Marekani ni za volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo wa kutosha, utaiunguza siku hiyohiyo. Na iwe mpya au ya zamani, radi zinapoanza mwezi wa kumi na moja, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi.

Mwanaiyunga (Mbeya)

Nawashukuru sana. Waya wa optiko umefanya kazi, na risiva sasa inaonyesha Dolby Digital. Nimebadilishana waya za spika, kasoro imehamia kulia, kwa hiyo naipeleka kwa fundi. Jambo moja limebaki: midomo ya watu kwenye filamu inatangulia kidogo, sauti inafuata. Je, hilo nalo ni la risiva?

Fundi wa Mlandege (Iringa)

Mara nyingi ni mpangilio. Tafuta kwenye menyu ya risiva sehemu ya kuchelewesha sauti na uirudishe kwenye sifuri. Kisha tazama kwenye runinga kama ina kipengele cha aina hiyo kwa sauti inayotoka nje, nacho ukipunguze mpaka mwisho. Ikibaki hivyo, izime mipango ya ziada ya kukuza sauti iliyomo ndani ya runinga, uijaribu tena.