Tupeane uzoefu: Tuliotuma mafaili kwa modemu ya simu ya mezani Tabora na Kigoma, mpangilio gani ulikusaidia?

MLETA MADA, Tabora mjini

Wakuu, mwangaluka. Wiki hii nimefungua sanduku la vitu vya ofisini nikakuta modemu yangu, kile kifaa cha kupitisha data za kompyuta kwenye laini ya simu, ya kasi ya 33.6 (kilobiti kwa sekunde), ile ya nje yenye taa nyekundu mbele, pamoja na daftari nililoandika kila mpangilio niliojaribu. Mwaka 2001 nilikuwa natuma taarifa za ghala la tumbaku kwenda Dar es Salaam, na dakika zilihesabiwa kwa bei ya simu ya mbali. Faili la megabaiti moja kwa kasi ya biti 28,800 kwa sekunde huchukua takribani dakika tano, laini ikiwa safi. Langu lilichukua robo saa, na siku nyingine lilikatika likiwa limebaki kidogo tu.

Nilianza na poti ya siriali, tundu la kuungia modemu na kompyuta. Mtu aliyenifungia kompyuta alikuwa ameiacha kwenye 19,200, ikawa modemu inapokea kutoka kwenye kompyuta polepole kuliko inavyoweza kutuma. Nikaipandisha hadi 115,200 na kuweka udhibiti wa mtiririko kwa waya, yaani RTS/CTS, ambapo kila upande humwambia mwenzake angoje au aendelee. Mafaili ya maandishi yakaanza kukimbia, kwa sababu modemu zenye V.42bis, kanuni ya kubana data, huyabana zenyewe njiani. Ya zipu hayakufaidika na ubanaji huo. Kilichokwisha kubanwa hakibaniki tena.

Ila nafuu kubwa niliipata mahali ambapo sikupategemea. Modemu ilikuwa inashika kwa 31,200, inakaa dakika mbili, laini inakwaruza, inaanza upya kupatana kasi na modemu ya Dar. Wakati zinapatana hakuna baiti inayopita. Nikailazimisha isivuke 26,400. Amri yake hutofautiana kati ya modemu na modemu, iko kwenye kijitabu chake. Nikaongeza mpangilio wa S10=100, kwa sababu S10 huhesabu sehemu za kumi za sekunde: modemu nyingi hutoka kiwandani na 14, maana yake laini ikipotea kwa sekunde 1.4 tu inakata simu. Kwa 100 inavumilia sekunde 10. Nilimwomba na jamaa wa upande wa pili aweke hivyo hivyo, maana akikata yeye uvumilivu wangu haunisaidii kitu. Kuanzia hapo daftari linaonyesha dakika sita, saba, sita. Kwa kushusha kasi nilifika mapema!

Naomba wenzangu mlete yenu. Haya mambo tuliyajua wachache.

MCHANGIAJI, Ujiji

Shikamoo mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa nahudumia watu kwenye intaneti kafe pale Kigoma mjini. Kuna mteja alishusha faili la zipu kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni, usiku kucha, asubuhi halifunguki. Akalishusha tena, vile vile. Kumbe programu ilikuwa kwenye modi ya maandishi, ambayo hubadilisha alama za mwisho wa mstari humo ndani, na zipu ikiguswa hivyo imeharibika. Unaandika neno moja tu, binary, kabla ya kuanza. Usiku mbili za mtu zilipotea kwa neno moja, na pesa ya simu juu. Nilijisikia vibaya sana, nikabandika karatasi ukutani.

Jambo la pili ni kuendeleza faili pale lilipoishia. Seva ikikubali, amri ya reget inaanzia baiti ulipokatikia. Kwetu umeme ulikuwa wa majenereta, na bila hiyo usingemaliza faili kubwa hata siku moja.

Na kwa waliokimbilia modemu za 56k: kasi ile ya V.90, kanuni ya modemu hizo, ni ya kushusha tu, na inataka mtoa huduma awe ameungwa kidijitali upande wake. Ukituma, unabaki 33.6 kama zamani. Niliwaeleza wateja wengi kabla hawajatoa hela.

MCHANGIAJI, Urambo

Mimi nilipunguza MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti (fungu moja la data), kutoka baiti 1500 hadi 576 na mambo yakawa mepesi. Windows 98 ilikuwa na sehemu ya kuchagua pakiti ndogo, ya kati au kubwa.

MCHANGIAJI, Nzega

Ndugu yangu wa Urambo, ulikuwa unashusha faili huku unasoma kurasa? Kama ndivyo, wepesi uliuona kweli. Kwa 28,800, pakiti ya baiti 1500 inashikilia laini kwa karibu sekunde 0.42, ya 576 ni 0.16, kwa hiyo ukurasa wako haukai nyuma ya lori refu. Lakini kwa faili peke yake unapoteza. Kila pakiti hubeba baiti 40 za utambulisho: kwenye 1500 ni chini ya 3 kwa mia, kwenye 576 ni karibu 7. Kama PPP yako, utaratibu wa kuunga kompyuta na mtandao kwa simu, inabana hizo 40, tofauti inapungua. Na makosa ya mikwaruzo modemu zenye V.42, kanuni ya kurekebisha makosa, huyarekebisha zenyewe, zikirudia vipande vyao vidogo.

MCHANGIAJI, Kasulu

Mimi ni mama wa siku nyingi kidogo. Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye ofisi ya afya, tunapiga Dar usiku kwa utaratibu wa FidoNet, mtandao wa kompyuta zinazopigiana simu kupeana barua, barua zote kwa mkupuo mmoja, tunakata. Modemu ya 2400. Mwanzoni kijana mmoja alituwekea Xmodem, njia ya kutuma mafaili ambayo hutuma baiti 128 kisha inangoja ijibiwe ndipo itume nyingine. Laini yetu sauti ilikuwa inachelewa, ukisema "haloo" unangoja. Basi nusu ya simu ilikuwa kungoja. Tulipohamia Zmodem, ambayo inamwaga bila kusimama na kosa likitokea hurudi kuanzia hapo, bili ilishuka mpaka mhasibu akaniita kuuliza kama tumeacha kutuma.

Wakati wa masika nilikuwa nachomoa waya wa simu ukutani, siyo ule wa umeme peke yake. Radi ya huku ilituunguzia modemu mbili kupitia laini ya simu.

MCHANGIAJI, Mwanga, Kigoma

Chunguzeni na kisanduku cha maungio nje ya nyumba. Changu kilikuwa na kutu ya kijani. Nilikata waya ncha, nikaunga upya na kuondoa simu ya pili ya sebuleni. Kasi ya 21,600 ikawa 28,800.

MCHANGIAJI, Uvinza

Shikamooni wazee wangu. Mimi modemu sikuikuta, lakini kijijini kwetu simu inarukaruka kati ya 3G na 2G, na picha za mtihani wa mwanafunzi hazimaliziki kwenda. Hayo yenu yananisaidiaje?

MLETA MADA

Marahaba mwanangu. Ifunge simu kwenye 2G peke yake isitangetange, punguza ukubwa wa picha, na utume moja moja. Utuletee jibu.

MCHANGIAJI, Uvinza

Nimejaribu jana jioni chini ya mwembe wa shule. Picha nane, dakika ishirini na mbili, haijakatika hata moja. Mwalimu amezipokea.