Mafundi mnaowatoza vijana hela ya "kuovakloki" laptopu za gemu, huu ni wizi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mwenye laptopu ya gemu, au anayejichanga anunue, naomba asome.

Kuna dogo wa chuo kanifuata na laptopu yenye prosesa ya Intel i7-9750H. Analalamika kwamba tangu fundi "aiongeze spidi", inakwamakwama kuliko mwanzo. Aliyemuuzia, hapahapa Kariakoo, alimwambia achukue tu hiyo, akipata hela baadaye atabadilisha prosesa aweke i9. Dogo kajibana, hela ikapatikana, akaenda kwa fundi. Fundi akamwambia i9 kwa sasa hakuna, ila kwa Sh 80,000 anaweza kuiovakloki i7 yake, yaani kuipandisha spidi kupita ya kiwandani, ikimbie kama i9. Akalipa.

Nikaiwasha kuangalia alichofanyiwa. Fundi kaingia msconfig, programu ya mipangilio ya kuwasha Windows, ukurasa wa Boot, akaweka alama kwenye kisanduku cha idadi ya prosesa na kuchagua 6. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya elfu themanini! Prosesa hii ina kori 6, yaani vitengo sita vya kuchakata, na thredi 12, maana kila kori hubeba mikondo miwili ya kazi, na Windows huzitumia zote 12 bila kuambiwa na mtu. Kisanduku kile kipo kwa ajili ya watu wanaojaribu programu, wapunguze kori makusudi waone itafanyaje kwenye mashine dhaifu. Hakiongezi chochote. Kijana kalipa ili akatiwe nusu ya thredi zake. Kama fundi alijua, ni tapeli. Kama hakujua, alipokea hela ya kazi asiyoijua, na kwangu hana nafuu.

Lakini uongo ulianzia dukani. Zamani prosesa ya laptopu ilikuwa inatoka kweli. Mashine nyingi za Intel za kizazi cha 2 na cha 3, miaka ya 2011 na 2012, zilikuwa na soketi: unalegeza kwa bisibisi, unatoa i5, unachomeka i7-3610QM, unapaka pesti ya kupitisha joto, mteja anaondoka anacheka. Nimezifanya nyingi. Kizazi cha 4, mwaka 2013, ndipo mambo yalipogawanyika. i7-4700MQ inachomoka, i7-4700HQ imelehemiwa kwenye madabodi, ubao mkuu wa mashine. Kori zilezile 4, spidi ileile ya 2.4 hadi 3.4 GHz, tofauti unaiona kwenye herufi moja tu. Kuanzia kizazi cha 5 Intel wakaacha kabisa prosesa za laptopu za kuchomoa, na Ryzen za laptopu nazo zinalehemiwa. Sasa mtu anauza mashine ya 2019 anamwambia mtoto wa watu "utabadilisha prosesa" anatoa wapi hayo maneno?

Hata laptopu zile chache zilizowekewa prosesa ya kompyuta ya mezani hazikuwafikisha mbali wenyewe. Alienware Area-51m ya 2019 ilikuwa na soketi ya LGA1151. Mwaka 2020 Intel wakahamia LGA1200, na prosesa za kizazi kipya hazikuingia tena.

Na msiniletee habari za mashine ya BGA, ile ya kung'olea na kulehemu chipu kwa joto. Najua ipo, najua kuna wanaoweza kung'oa chipu na kushusha nyingine. Ila BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, lazima iitambue hiyo prosesa mpya, saketi ya kuilisha umeme iimudu, na ukikosea joto kidogo tu madabodi imekufa, na kadi ya picha imekwenda nayo kwa sababu imelehemiwa humohumo. Hiyo siyo kazi ya kumwahidi mteja juu ya kaunta wakati unamhesabia chenji.

Tuje kwenye kuovakloki kwenyewe. Intel hufunga kiwandani kizidishio, ile namba inayopanga spidi ya prosesa. Kwenye laptopu za tangu 2015, walizoziacha wazi kabisa ni zile zenye K mwishoni mwa jina, kama i7-6820HK ya 2015 na i9-8950HK ya 2018, na baadaye baadhi ya HX. i7-9750H haina K. Dari yake ni 4.5 GHz na inafika yenyewe ikipata umeme na ubaridi wa kutosha. Hakuna fundi wa kuivusha hapo kwa kubofya Windows.

Na tuseme ingekuwa wazi. Umeme inaokula prosesa hupanda kwa mraba wa volti: ukiongeza volti asilimia 10 kwa spidi ileile, joto linapanda asilimia 21. Hilo joto litatokea wapi? Mashine ya huyu dogo ilikuwa inagonga nyuzi 100 ndani ya gemu, na ikifika hapo prosesa inajipunguza spidi isiungue. Nilipoifungua, mapezi ya hitisinki, chuma cha kutolea joto, yameziba vumbi, pesti imekauka imekuwa unga. Mabomba ya joto ya prosesa na ya kadi ya picha yanaungana, kwa hiyo ukiichochea prosesa unaipikia na kadi ya picha, ambayo ndiyo inayobeba gemu. Aliyechukua elfu themanini hakufungua hata skrubu moja!

Kinachosaidia ni kinyume chake, kupunguza volti kidogo spidi ikabaki palepale. Zamani tulikuwa tunafanya kwa programu ya ThrottleStop, na joto linashuka vizuri. Desemba 2019 watafiti wakatangaza udhaifu unaoitwa Plundervolt, mtu kuchezea volti ili avunje siri zinazolindwa na SGX, sehemu ya prosesa za Intel ya kufichia data nyeti. Intel wakatoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa laptopu wakaifunga njia hiyo kwenye BIOS. Usalama nauelewa. Ila mcheza gemu wa Temeke hana kazi na SGX, wangemwachia swichi kwenye BIOS achague mwenyewe. Mashine hii nayo imefungwa hivyohivyo.

Nimeondoa ile alama, nimesafisha feni, nimepaka pesti mpya, na gemu lake linakwenda. Jambo jingine: ndani nimekuta ramu kipande kimoja cha 8GB na nafasi ya pili tupu, yaani inafanya kazi kwa chaneli moja, njia moja ya data badala ya mbili. Hela aliyotapeliwa ingekwenda hapo, fremu, yaani picha kwa sekunde, zingeongezeka na angeziona kwa macho.

Wauzaji, andikeni jina zima la prosesa, namba na herufi za mwisho. "Core i7" peke yake haitoshi, na kama imelehemiwa semeni imelehemiwa. Mafundi wenzangu, kama hujui, mwambie mteja hujui.

Na wewe uliyewahi kulipia huu upuuzi, fungua msconfig leo hii, nenda Boot, bofya Advanced options, ondoa alama kwenye idadi ya prosesa, washa upya. Kisha mrudie fundi wako na umdai hela yako yote. Huyu dogo kesho naongozana naye mwenyewe.