CCM bado ni chama cha kijamaa? Tulinganishe majina matatu

Mwana_Ngamiani: Wakuu, hapa Tanga kila baraza la kahawa ubishi ni huu huu. CCM tuiite ya kijamaa, ya kibepari, au ya demokrasia ya kijamii? Mimi nasema jina la kwanza halifai tena, na kipimo changu ni miiko ya uongozi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU, chama kilichoitangulia CCM, kuwa na hisa kwenye kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Ujamaa ulimgusa mtu mfukoni mwake. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza hayo. Chama kinachomruhusu kiongozi wake kula kodi ya wapangaji kinaweza kuwa chama kizuri, ila cha kijamaa hapana.

Raskazone77: Soma katiba ya chama, ndugu yangu. Kwenye imani zake Ujamaa na Kujitegemea bado ni njia pekee ya kujenga jamii ya watu walio sawa na huru. Na ibara ya 3 ya Katiba ya nchi inasema Jamhuri ya Muungano ni ya kijamaa. Utawavua vipi watu jina walilolitetea kwa maandishi hadi leo?

Mwana_Ngamiani: Maandishi nayakubali. Nauliza nani anabanwa nayo.

MzeeMakorora: Wanangu, tazameni Ujerumani. Chama chao cha SPD walipoachana na Umarx mwaka 1959 pale Godesberg, waliandika programu mpya mkutanoni, mbele ya wanachama wao. Hiyo ndiyo demokrasia ya kijamii: soko libaki, lakini kodi na vyama vya wafanyakazi vilibane. Sisi tulibadili mwenendo tukaacha maandishi yalivyo. Sipingi kwamba dola inahudumia watu. Ada ya shule ya msingi iliondolewa 2001, na tangu 2016 hata kidato cha nne hakina ada. Lakini vyama vya wafanyakazi vyenye meno viko wapi? Bila hivyo jina la tatu nalo linapwaya. Chama cha ACT-Wazalendo waliliona pengo, ndiyo maana 2015 wakaja na Azimio la Tabora kulihuisha lile la Arusha.

BintiHale: Shikamoo mzee. Naomba tushuke mashambani. Mashamba makubwa ya mkonge yalitaifishwa 1967, wakati nyuzi za plastiki zimeshaanza kula soko, na miaka ya tisini yakabinafsishwa. Mpaka hapo Mwana_Ngamiani yuko sawa. Lakini njooni huku Korogwe muone. Wakulima wadogo wana vipande vyao ndani ya mashamba yale ya zamani. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri, likikauka nyuzi zinatoka vibaya, na hakuna mkulima mmoja wa kumudu korona, ile mashine kubwa ya kukamulia nyuzi. Kwa hiyo kila mtu analima chake, na mzigo unauzwa pamoja kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mnauita huo ubepari? Ongezeeni Sheria ya Ardhi ya 1999: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Bepari gani anakubali hilo?

Raskazone77: Umenisemea, dada.

Mwana_Ngamiani: BintiHale, ushirika nakupa, ingawa ushirika uko hata kwenye nchi za kibepari tupu. Kwenye ardhi nakataa. Waingereza waliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma mwaka 1923, chini ya Gavana. TANU ilipochukua nchi ilikuta mpangilio huo na ikauendeleza. Hauwezi kuwa ushahidi wa ujamaa wa chama chochote. Kati ya majina matatu nachagua la pili, tena kwa uchungu, maana nimelelewa na mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi na aliyeiamini miiko ile kwa dhati.

BintiHale: Kwenye ardhi umenishika. Kwenye ushirika sijakuachia. Serikali isingeusimamia ule wa mkonge, wakulima wa Hale wangekuwa vibarua mpaka leo.