UBI inagoma kupanua rootfs kwenye NAND, inasema available 0

kioski_cha_maji

Wakuu habari zenu. Nina bodi ya ARM yenye NAND (chipu ya kuhifadhi data) ya MB 256, ndo ubongo wa vioski vya maji vya kulipia kwa tokeni, inaandika kila ndoo iliyouzwa afu usiku inatuma kwenye seva kwa laini ya simu. Linux yake tulijengewa na watu ambao mkataba wao umeisha, skripti zote walituachia ila maelezo hakuna, kwa hiyo tunapapasa wenyewe.

Shida ni rootfs, yaani volyumu yenye Linux yenyewe na programu zake, imejaa. Tumeongeza Python na maktaba zake na sa hivi hata logi haiandikiki. Patisheni ya UBI (tabaka la Linux linalogawa bloku za NAND kwa volyumu) ni MB 240, nimepiga ubinfo -a nikakuta volyumu tatu, hesabu ni ya LEB, yaani bloku kama volyumu inavyoziona:

kernel, LEB 80
rootfs, LEB 680, kama MB 82 hivi
data, LEB 1116, kama MB 135

LEB moja ni baiti 126976. Hiyo data haijawahi kuvuka MB 20, nikasema basi nipunguze huku niongeze kule. Nikaandika ubirsvol /dev/ubi0 -N rootfs -s 120MiB ikanitolea error 16, Device or resource busy. Nikabuti kwa kadi ya SD, nikafanya ubiattach, nikarudia, ikaja error 28, No space left on device, na kwenye dmesg kuna mstari huu: not enough PEBs: requested 311, available 0 (PEB ni bloku halisi ya chipu)

Sasa available inakuwaje 0 wakati data karibu yote iko tupu? Afu rootfs imekaa katikati ya kernel na data, nikipunguza data si nafasi inabaki kule mwishoni, naisogezaje? Kwenye diski ya kawaida ningefungua GParted nikavuta ila huku sioni kitu kama hicho. Na lingine, 80 na 680 na 1116 jumla 1876, wakati MB 240 kwa bloku za KB 128 ni bloku 1920. Hizo 44 kala nani?

tetemeko

Mkuu mbona hilo dogo. Anza na data, ubirsvol /dev/ubi0 -N data -s 80MiB, afu rudia ile ya rootfs, itapita. Na hizo 44 nyingi ni akiba ya bloku mbovu, ukijenga kerneli upya ukaweka CONFIG_MTD_UBI_BEB_LIMIT iwe 0 unazirudisha zote 40.

mzee_seriali

SUBIRI kwanza usipige hiyo ya data kama hujaipiga.

Komandi itakubali, hilo sibishi, ila ukija kumaunti data utakutana na bad LEB count: 1116 in superblock, 661 on UBI volume, na hapo mchezo umeisha. UBIFS, yaani mfumo wa faili unaokaa juu ya UBI, inajua kukua, kupungua haijui kabisa, hakuna kifaa cha kuipunguza kama resize2fs ya ext4. UBI yenyewe iko chini na haijui kama juu yake kuna mfumo wa faili au kuna uji, wewe umesema kata nayo inakata, LEB kuanzia namba 661 hadi 1115 zinaachiwa na zinapangwa foleni ya kufutwa. Na usijidanganye kwamba faili zako ni MB 20 basi ziko mwanzoni, UBIFS inachukua LEB tupu popote ilipo, rekodi ya mauzo ya jana inaweza kuwa imekaa kwenye LEB ya 1100. Ukiirudisha volyumu kwenye ukubwa wa mwanzo LEB zile zinarudi zikiwa tupu.

Kuhusu available 0, nenda kwenye ubinize.cfg (faili ya kupanga volyumu) mliyoachiwa, chini ya data naamini utakuta vol_flags=autoresize. Hiyo maana yake siku ya kwanza UBI inapoamka inachukua kila LEB iliyobaki inampa huyo mmoja, afu inafuta hiyo alama isirudie tena. Kwa hiyo kwa macho ya UBI hakuna LEB huru hata moja, zote zina mwenyewe, kama mwenyewe anazitumia au hatumii sio habari yake.

Kusogeza, hapo ondoa wasiwasi. Hakuna mwanzo wala mwisho humu. LEB ya 5 ya rootfs leo inaweza kuwa kwenye bloku ya 1700 ya chipu na kesho ikahamia bloku ya 12 kwa sababu UBI inazungusha bloku zote zichakae sawasawa. Volyumu ni hesabu ya LEB ngapi una haki nazo, sio kipande cha ardhi chenye mipaka.

Zile 44: bloku 2 ni za jedwali la volyumu, 1 ya kazi ya kusawazisha uchakavu, 1 ya kubadilisha LEB kwa mkupuo, na 40 ni akiba ya bloku mbovu, 20 kwa kila bloku 1024 za chipu nzima na chipu yako ina 2048. Bloku ikifia kiwandani inatolewa humo humo kwenye akiba ndo maana jumla yako imetoka sawia 1876. @tetemeko kuweka hiyo 0 kwa ajili ya MB 4.8 kwenye kifaa ambacho kiko porini, hapana. Bloku ya kwanza ikioza utaikimbilia na nini?

tetemeko

Sawa mzee ila mimi niliwahi kupunguza kwa njia hiyo hiyo na haikuleta shida yoyote, wala onyo.

mzee_seriali

Volyumu ilikuwa na UBIFS ndani au ilikuwa tupu? Au labda mfumo wa faili wenyewe ulikuwa mdogo kuliko volyumu, hiyo inawezekana kabisa, mtu katengeneza imeji yenye -c 500 (kikomo cha LEB cha mfumo wa faili) akaiweka kwenye volyumu ya LEB 1000, hapo ukikata hadi 600 hakuna kinachoguswa. Onyo halitoki upande wowote, ndo ubaya wake.

nyaya_na_solda

Hiyo -c aliyoitaja mzee ndo itakayomkamata mleta mada hatua inayofuata, tuiseme mapema. Kaka, kwenye skripti zako tafuta mstari wa mkfs.ubifs unaotengeneza rootfs uangalie -c ni ngapi. Hiyo ndo dari. Volyumu ikipanuliwa UBIFS inajitanua yenyewe ukiimaunti, lakini haivuki hiyo namba, na namba imeandikwa kwenye superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili) siku imeji inatengenezwa, huibadilishi baadaye. Watu wengi wanaandika sawasawa na volyumu ya siku hiyo, utapanua hadi MB 120 df itakuonyesha ile ile ya zamani utabaki unakodoa. Kama kerneli yako ni mpya mpya angalia dmesg, kwenye mstari wa FS size inaandika max na idadi ya LEB.

Na kabla hujabomoa chochote, imeji imebanwa kwa njia gani? Kama ni lzo jaribu zlib au zstd kwa -x, Python sehemu kubwa ni maandishi inabanika vizuri. Kerneli yako iwe inaijua hiyo zstd lakini, za zamani haziijui.

kioski_cha_maji

Aisee asanteni, sijaipiga. Nimefungua skripti, kweli data ina autoresize, na rootfs ni -c 680 kabisa kabisa. Imebanwa kwa lzo. Nimejaribu zlib imepungua lakini bado haitoshi na tunataka kuongeza vitu vingine. Kwa hiyo njia ni kufuta data na kuitengeneza upya?

mzee_seriali

Ndiyo, hiyo tu. Buti kwa SD, maunti data ikiwa ya kusoma tu, tar yote uweke kwenye kadi, afu ISOME hiyo tar, tar -tf na ulinganishe, kwa sababu baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Kisha:

umount, halafu ubirmvol /dev/ubi0 -N data
ubirsvol /dev/ubi0 -N rootfs -s 120MiB
imeji mpya ya rootfs itengeneze kwa mkfs.ubifs -m 2048 -e 126976 -c 1500, iingize kwa ubiupdatevol /dev/ubi0_1
ubimkvol /dev/ubi0 -n 2 -N data -S 700
mkfs.ubifs -c 1500 /dev/ubi0_2, maunti, rudisha tar

Hiyo -n 2 usiisahau kama fstab yenu inaita ubi0_2 kwa namba. Na -c usiiache kwenye data, usipoitaja mkfs.ubifs inachukua ukubwa wa volyumu wa siku hiyo utarudi hapa tena mwakani. Kuiweka kubwa kunakula nafasi kidogo ya majedwali yake ya ndani, haiumi.

Rootfs itakuwa LEB 991, data nimekuwekea 700 ambayo ni MB 84 na ushee, zinabaki 105 hazina mwenyewe. Usizigawe. Hazikai bure, ziko kwenye dimbwi la kuzungusha bloku, na siku kernel ikikua utazichukua bila kufuta chochote.

kioski_cha_maji

Imepita mzee wangu! Rootfs imebuti, Python ipo, mauzo yote yamerudi nimelinganisha na seva. Ila df ya data inaonyesha nafasi ndogo kuliko MB 84, nimekosea hesabu?

Na vioski vilivyoko vijijini navyo vina imeji ile ile, kuna namna ya kufanya kwa mbali au lazima nizunguke na kadi za SD? Kule umeme ni wa sola, unaweza kukata katikati.

nyaya_na_solda

df ya UBIFS inakisia upande wa hasara, haijui faili zako zijazo zitabanika kiasi gani na imetoa nafasi ya jono (journal) na akiba ya kufanyia usafi. Hujakosea.

mzee_seriali

Kwa mbali inawezekana kwa initramfs (mfumo mdogo unaokaa kwenye RAM kabla rootfs haijamauntiwa) yenye skripti, kwa sababu rootfs ikiwa imemauntiwa utapata tu error 16 yako ya mwanzo, UBI inataka volyumu isiwe imeshikwa na mtu. Umeme kukata wakati wa ubirsvol au ubirmvol sio tatizo sana, jedwali la volyumu lina nakala mbili kwenye bloku mbili. Tatizo ni ubiupdatevol, ikikatika njiani volyumu inabaki na alama ya kwamba haijakamilika na rootfs haibuti, kwa hiyo ile initramfs iwe inaweza kuanza upya na kumalizia yenyewe, na imeji iwe imeshashushwa yote. Na data usiitoe kwenda RAM, itume kwenye seva kwanza, seva ithibitishe, ndo skripti iruhusiwe kufika kwenye ubirmvol. Anza na kioski kilicho karibu na ofisi yenu.