Siku tatu London: niyatembeleeje makumbusho bila kuchanganyikiwa?

Msafiri_wa_Kaskazi:
Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi ujao nitakuwa London kwa siku tatu, na shauku yangu kubwa ni makumbusho na kumbi za sanaa. Nimesoma kwamba British Museum ina vitu vipatavyo milioni 8, na kwamba vinavyoonyeshwa ni takriban asilimia 1 tu; hata hiyo moja inanitia hofu. Katika safari iliyopita, kwenye jiji jingine, nilizunguka jengo moja kutwa nzima, nikatoka na miguu iliyovimba na picha tele kwenye simu, lakini baada ya wiki sikuweza kukieleza hata kitu kimoja. Wenye uzoefu hupangaje ziara zao?

Mwenye_Subira:
Ndugu yangu, usijilazimishe kulimaliza jengo. Makumbusho makubwa ya taifa jijini London hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, bali kwa maonyesho maalumu, kwa hiyo unaweza kuingia kwa saa moja, ukatoka kupumzika, na kurudi kesho yake. Chagua vyumba viwili, basi. Mimi, humo British Museum, nilikaa karibu nusu saa mbele ya kiti cha enzi ambacho msanii wa Msumbiji, Kester, alikiunda mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita, na hadi leo naweza kukuchorea umbo lake. Jiwe la Rosetta, lililowasaidia wataalamu kusoma maandishi ya kale ya Misri, nalo huzingirwa na umati humo humo. Ukichoka kuchungulia mabegani mwa watu, nenda Chumba namba 1, ambako kuna nakala yake unayoruhusiwa hata kuigusa.

Binti_Rangi:
Nakubaliana na ndugu hapo juu kwa sehemu tu. Anayefika mara ya kwanza hawezi kuchagua asichokijua, na ndiyo maana mimi huanza kwa kupita vyumba vyote haraka bila kusoma maelezo, kisha hurudi kwenye vitu vitatu vilivyonishika. Katika National Gallery, kilichonishika ni mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434, wenye mume na mke chumbani: nyuma yao kuna kioo kidogo cha mviringo, na ndani yake wanaonekana watu wengine wawili wakiwa mlangoni. Mpita njia hawaoni kabisa. Ijumaa ukumbi huo hufungwa saa 3 usiku.

Mkaa_Pwani:
Ningeongeza jambo moja: uliza kila kitu kilifikaje pale. Sanaa za shaba za Benin, ufalme wa zamani uliokuwa katika Nigeria ya leo, ziliporwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897, na nyingi bado zimo British Museum. Jumba la Horniman, lililo kusini mwa jiji, lilikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa huko Benin mwaka 2022. Ukiyatembelea yote mawili, utaona kwamba historia ya kitu haikomei kwa aliyekitengeneza.

Msafiri_wa_Kaskazi:
Nawashukuru sana. Nimeamua kupita haraka siku ya kwanza, kisha kurudi kwenye vyumba viwili. Je, siku ya kuondoka naweza kuingia na sanduku langu?

Mwenye_Subira:
Masanduku ya magurudumu hayaruhusiwi British Museum. Liache hotelini au stesheni.